Mgeni wa Kila Jumamosi

Yule mwanamke alikuwa amerudi tena. Nafisa alimwona kwa tundu la ukuta wa lupango, ua wa nyumba yao: kitambaa cha kijani kichwani, mkoba umebanwa kwapani, yuko mbele ya wageni wote, karibu kabisa na Aruna, mume wa Nafisa.

Sasa tuseme kweli. Mtu akitaka kuuona mtaa wa Kamalondo, anauona mara moja, basi. Kila Jumamosi asubuhi Aruna huwatembeza watu njia ile ile: barabara ya mafundi wa nguo, baa ya zamani ambapo wazee walicheza rumba, nyumba za matofali za wafanyakazi wa kwanza, halafu mwisho wanaingia kwake kunywa chai ya tangawizi na mikate ya mafuta. Hata vichekesho vya Aruna havibadiliki, mke wake anavijua vyote. Huyu anarudia kutafuta nini?

"Anapenda historia," Aruna alimwambia juma lililopita, huku anapaka viatu rangi. "Ni Mama Mwajuma wa Kampemba. Anaulizaka kupita bazungu."

"Anaulizaka nini?"

"Vitu mingi. Anauliza hata juu yako. Tuko na miaka ngapi mu ndoa, na kama chai ni wewe njo unapikaka."

Alisema hivyo bila aibu, anapiga mluzi. Tangu lini Aruna anapaka viatu rangi?

Halafu akaja Symphorien, fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, na habari yake.

"Mama Nafisa, ule mwanamuke wa matembezi alibakia nyuma ya benzake. Aliniuliza kama uko na matata na bajirani. Kama unatukanaka bantu."

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Nilisema uko muntu wa kimya."

Symphorien alicheka. Nafisa hakucheka.

Dada yake mkubwa alipata mke mwenza hivyo hivyo. Mwanamke alianza kwa kuomba maji ya kunywa, akasifu nyumba, akauliza habari za jikoni, na kabla mwaka haujaisha akawa na jiko lake mwenyewe uani. Mwanamke mwenye akili huja kwanza kupima mahali. Na tazama wakati aliouchagua. Binti yao Imani, anayesoma na kulala kule chuoni Kasapa, amepata mchumba, Abdoul, kijana wa familia inayochunga heshima, na jamaa zake wanangojewa waje kuposa. Wakija wakute nini? Mama wa binti anagombea sufuria na mke mdogo? Thubutu.

Kwa hiyo Jumamosi hii Nafisa hakupika chai. Alikaa mlangoni pa jiko anaparua samaki, beseni la maji katikati ya miguu. Wageni wakaingia, wakakaa kwenye mabenchi. Aruna akaanza kutafuta vikombe, akaona uso wa mke wake, akaacha kutafuta.

Mwanamke wa kitambaa cha kijani hakukaa. Aliuzunguka ua taratibu. Alitazama kamba ya nguo, akachungulia choo, akapitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama kidole. Dirisha la Nafisa, jamani, analolifuta yeye mwenyewe kila siku. Kisha akaja jikoni, akavua viatu, akainama kidogo.

"Jambo, mama. Mikono iko kazi."

"Iko kazi."

"Bwana yako anakusifu mu njia yote."

Nafisa akaparua samaki kwa nguvu zaidi. Magamba yakaruka mpaka kwenye miguu ya mgeni.

"Siko na maneno mingi," mwanamke akasema, kwa sauti ya upole iliyomuudhi Nafisa kuliko tusi. "Kitu moja tu njo ninabakia kujua. Bwana akikukasirisha, mama, unafanyaka nini?"

Nafisa akasimama. Akainua beseni kwa mikono miwili, akammwagia lote: maji, magamba na matumbo ya samaki.

Kijana aliyekuwa anapiga picha akashusha simu.

"Njo vile ninafanyaka," Nafisa akasema. "Sasa wende useme kule Kampemba. Hapa iko bibi moja. Nafasi ya wa pili haiko."

Mwanamke alitoa gamba moja kwenye kope, akalitazama, kisha akamtazama Nafisa kutoka kichwani mpaka miguuni. Wageni wawili wakaanza kuondoka polepole, kama watu wanaotoka kwenye kilio.

Mlango wa lupango ukafunguka. Imani aliingia na mfuko wa nguo zake za Kasapa begani. Akaona maji yaliyotapakaa, akaona mama yake ameshika beseni tupu. Nafisa alifurahi kumwona. Angalau sasa ana mtu wa upande wake.

"Kuya, mwanangu," akamwita. "Kuya uone mwanamuke anayetaka kutuvunjia nyumba."

Imani akaweka mfuko chini. Akampita mama yake bila kumtazama, akapiga magoti yote mawili katikati ya matumbo ya samaki, akainamisha kichwa mbele ya mgeni.

"Shangazi, utusamehe," akasema. "Abdoul aliniambia tu kama mutatuma muntu amuangalie mama kwanza. Hakuniambia kama ni wewe, shangazi yake mwenyewe."

"Simama, mutoto," mwanamke akajibu, akitafuta viatu vyake. "Nimeisha kumuona."