Msonyo wa Mjukuu

Basi, kule sayari ya Shani kila mtu ana mrija wa hewa mdomoni, midomo haichezi. Aliyewatungia sauti za lugha yao ni Bi Sikudhani wa huku kwetu. Akafuta m, b na p zote, akaweka msonyo, maana ndio unaopenya mrija vizuri. Leo mjukuu wake aliyezaliwa hukohuko kamwona kwenye skrini kwa mara ya kwanza, akamsonya.

"We! Unanisonya mimi?"

"Si matusi, mama," binti yake akaandika. "Kakuita bibi. Si ulipanga mwenyewe?"

Bi Sikudhani akacheka mpaka machozi. Mtoto kakodoa macho, anasubiri aitikiwe vilevile. Bibi akajaribu. Ukatoka msonyo wetu wa huku, ule wa dharau, midomo ikabetuka.

Mtoto akajificha nyuma ya mama yake.