Doa Jekundu Chini ya Tangi

Pale mguu wa tangi unaposhikana na kitako, Renatha alikuwa amechora kwenye kompyuta pembetatu za kupimia mkazo, ndogondogo kama ulezi. Ilipomaliza kupiga hesabu, doa jekundu likatokea pale pale. Kitako kingepasuka siku tangi likijaa maji.

Bosi wake alisimama nyuma na kikombe cha chai, akalitazama doa lile kama mtu aliyekuta kinyesi cha kuku kwenye zulia.

"Pembetatu zako ndogo mno, dada. Weka kubwa, rangi itatulia."

Itatulia. Miaka ishirini mzee huyu anaitwa injinia, na bado alidhani kitakachopasuka ni picha.

Renatha akamwekea kubwa, kubwa kama sambusa, moja ikafunika kona nzima na kuutawanya mkazo wake. Doa likafifia, likawa njano, kisha kijani.

"Umeona? Tangi limepona."

"Limepona kabisa, bosi."

Akachapa. Karatasi ikatoka ingali na joto, akamsogezea pamoja na kalamu.

"Weka sahihi hapa. Na siku padri akija kulibariki tangi kule Madaba, nitakupangia kiti chini yake kabisa, kwenye kivuli. Tutakuwa tumeshalijaza."

Bosi alicheka peke yake, akainama. Ncha ya kalamu ikagusa karatasi, ikaganda hapo. Kitone cha wino kikaanza kutanuka.

"Zile ndogo," alisema hatimaye, bila kumtazama, "umezihifadhi?"