Bi Subira wa Kombani

Simu iliyofichwa chini ya ungo ilitetemeka, na mchele ukacheza juu yake. Mwanasha alitupa jicho mlangoni, akafuta mikono kwa leso, akaichomoa.

"Asalaam alaykum, Bi Subira," babake alikuwa ameandika kutoka barazani, upande wa pili wa ukuta. "Nimeletewa posa nyengine. Naomba uniulizie kijana huyu, Swabir, kama ilivyo ada yako."

Hakukuwa na Bi Subira yeyote. Kulikuwa na Mwanasha, laini yake ya pili, na uongo uliokwisha kuota mizizi.

Ulianza na barua ya Salimu. Ilikuwa na nakshi za dhahabu pembeni, mwandiko wa kupendeza, na chini yake sahihi za watu wazito wa Kombani. Mwalimu Alfani, aliyestaafu kufundisha jiografia hapo Msambweni, aliisoma huku akitabasamu. Kisha alimwita bintiye, akatazama dari, akauliza, "Waonaje, mama?"

Mwanasha alitazama vidole vya miguu yake. Mambo hayo ni ya mama kumwuliza bintiye chumbani, na mama alikwisha kutangulia mbele ya haki. Binti wa watu hamwambii babake usoni kwamba huyu simtaki. Haya itammaliza kabla hajafika katikati ya maneno. Kunyamaza nako kuna hatari yake, maana msichana akinyamaza huhesabiwa amekubali. Basi akakimbilia kuzungumzia kazi.

"Baba, sisi ofisini hatuiamini tokeni kwa kuitazama."

"Tokeni ndiyo nini?"

"Ni kibali. Mfumo mmoja wa kompyuta ukitaka kuchukua habari katika mwengine, tuseme habari za wageni wa hoteli, huja langoni na kibali. Chaweza kuwa kizuri, kimetiwa muhuri na kila kitu, kumbe kilifutwa jana. Kwa hiyo lango halibishani nacho. Humwuliza aliyekitoa: hiki chako kingali hai? Akisema la, mtu haingii."

Mwalimu aliiweka barua mezani taratibu. "Basi na hii iulizwe ilikotoka. Lakini Kombani namjua nani mimi?"

Hapo ndipo Bi Subira alipozaliwa, akiwa tayari bikizee: mama wa heshima zake, anayeijua kila nyumba toka Kombani mpaka Munje, na ambaye hazungumzi kwa simu na wanaume wasio maharimu wake. Yeye huandika tu. Mwanasha alimpa babake namba huku masikio yakimwaka moto.

Bi Subira akaleta jibu kwamba Salimu hana neno, ni kijana wa dini, ila anakoroma mpaka majirani wamehamisha vitanda. Akaleta jibu kwamba Abdulaziz wa Ukunda, aliyefuata, ana mkono wa birika. Barua zote zikarudishwa kwa adabu na udhuru. Mwanasha alicheka peke yake jikoni, akajionea haya, akacheka tena.

Leo hakucheka. Posa ya leo ilikuwa ya Swabir wa Munje, fundi wa injini za boti zinazovusha wageni kwenda Chale. Barua yake iliandikwa kwenye karatasi ya daftari, mistari imepanda imeshuka. Na Mwanasha alimtaka Swabir.

"Huyo namjua," akaandika. "Anafaa, mwalimu."

"Mbona leo umejibu upesi? Wale wengine ulinikalisha siku nzima."

Mwanasha alijiuma mdomo. "Nyumba yao naijua tangu zamani."

"Barua yake ina doa la mafuta."

"Ya injini hayo. Ni mtu wa kazi."

"Ana hasira?"

"Hana. Hata injini ikimgomea huisemesha kwa upole."

Barazani Mwalimu Alfani alikohoa kidogo. Ujumbe mwingine ukaingia. "Mwanangu ana kazi yake Ukunda na anaipenda. Kijana atamwachia aifanye?"

"Ameahidi kumpeleka kila asubuhi kwa pikipiki yake."

"Amemwahidi nani?"

Mwanasha alikaribia kuiangusha simu ndani ya mchele. "Ndivyo watu wanavyosema," akaandika, akafuta jasho.

Alimsikia babake akivuta kiti, akahisi mambo yameharibika. Doa lile la mafuta! Angempa Swabir karatasi safi kwa mkono wake mwenyewe laiti angejua.

"Swali la mwisho, Bi Subira," simu ikaandika. "Mwanangu atafurahi?"

Hapo Mwanasha alisahau kwamba yeye ni bikizee wa Kombani. Vidole vilikwenda vyenyewe. "Atafurahi mno, mwalimu. Humchekesha, na tangu mamake afariki hakuna aliyemchekesha vile. Akikosa huyu sijui atafanyaje. Nakuomba usimrudishe." Akatuma kabla hajaisoma.

Kisha akaisoma. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, ungo mapajani, akisubiri.

Simu ilitetemeka.

"Nimekubali, Bi Subira, watu wa Munje na waje Ijumaa. Na usinune, mama: tangu ile siku ya Salimu, nilipotaka kukutumia pesa za sukari kwa simu na jina la mwenye laini likatokea, sikuona njia nyengine ya kumwuliza mwanangu."