Pilau Hewani

Kabati la dawa lililopo ukutani kwa Mwanaidi hufunguka pale tu wafuasi wa mtandaoni wa shirika la misaada wanapotuma alama elfu moja za moyo kwa siku. Ndivyo misaada yote inavyotolewa siku hizi: kamera jikoni, mgonjwa mbele yake, wafuasi wakitazama.

Leo jirani yao, Bi Zaituni, aliingia na sahani ya pilau ya maulidi. Alama zikaganda kwenye mia nne. Hadi saa kumi na moja jioni, Rukia, binti wa Mwanaidi mwenye miaka saba, alikuwa hajapata kidonge chake cha moyo, na pumzi zilianza kumpaa.

"Mama Rukia, pilau hewani?" afisa wa shirika alifoka kwenye spika. "Wafuasi wanauliza shida iko wapi!"

"Ya jirani, kaka yangu! Nimfukuze mtu na sahani mkononi?"

"Wafuasi hawana habari na jirani. Wape kitu."

"Niwape nini tena? Hata sufuria zangu zilizotoboka wameshazihesabu!"

Rukia akavuta kiti, akaisogelea kamera.

"Mimi sikula," alisema kwa sauti ndogo. "Mama alikula peke yake. Hunifanyia hivyo kila siku."

Alama zikamiminika. Kabati likafunguka. Mwanaidi alichukua kidonge, akamnywesha mtoto maji.

"Safi sana," alisema afisa. "Elfu tisa! Ila jiandae, dada. Wameshaanza kupiga kura ya kumtafutia Rukia mama mwingine."