Taisto Kwenye Mlango wa Sauna

Jumamosi ile nyumba ilijaa ndugu. Taisto, asiyetulia tangu asubuhi, alijifunga taulo akashika mpini wa mlango wa sauna, kile chumba cha kuogea mvuke.

"Ingia basi, bwana!" kaka zake wakamtania kutoka kwenye mvuke. "Au siku hizi unaogea kwenye beseni?"

Mkewe akatoka jikoni mbio. "Thubutu! Nesi alisema nini juzi? Dawa ya saratani uliyochomwa inaunguza figo. Unywe maji, ukojoe, itoke. Ukiyamaliza kwa jasho, figo zitaoshwa na nini?"

"Dakika tano tu, mama watoto. Sijawahi kukosa Jumamosi."

"Jagi la maji umemaliza?"

"Nimemaliza." Kweli, sisi ndugu tuliokuwa sebuleni sote tulimwona akigugumia.

Mkewe akamtazama miguuni. Alama ya soksi ilikuwa imezama juu ya kifundo, kama uzi kwenye donge la unga. Akainama, akabonyeza kwa kidole. Shimo likabaki.

"Taisto, leo umekojoa mara ngapi?"

Ndani ya sauna mtu alimwagia maji mawe ya moto, yakafuka mvuke, vicheko vikapanda.

Taisto akauachia mpini. "Leo?" akasema polepole. "Bado."

"Na jagi zima la maji limeishia wapi? Twende hospitali!" Mkewe alikuwa ameshachukua funguo za gari.