Kola ya Jirani

Cherehani haikupita mlangoni, kwa hiyo majirani waliung'oa mlango. Nilitaka shangazi, fundi wa mtaa mzima, aisikie ikilia kando ya kitanda chake. Tangu apooze hakuwa ametamka neno, na mkono wake wa kulia ulilala tu kama kitambaa.

Mimi ushonaji niliujua kwa kuchungulia. Siku hiyo nilikuwa napachika kola ya shati la jirani, nimeigeuza ndani nje, huku najisifu moyoni.

Kidole cha mkono ule kikatambaa juu ya shuka, taratibu, kikagusa shati.

"Fumua," akasema shangazi, ulimi mzito. "Aibu gani hii?"

Nikafumua, machozi yakilowesha uzi. Kisha nikaipachika tena, kwa makusudi, vibaya zaidi.