Kitambaa cha Bi Rukia

Kwa Bi Rukia, fundi Sefu alikikuta kisanduku cha intaneti ndani ya kabati la vyombo vya wageni, nyuma ya birika, kimefunikwa vitambaa viwili vya kufuma.

"Bibi, umekifungia hivi, ndiyo maana picha inakwama."

"Mwanangu anapitia humo kila Ijumaa. Nimwache apite vumbini?"

Sefu akacheka, akakitoa na kukiweka juu ya kabati, wazi. Punde simu ikaita. Picha ikatulia kwa mara ya kwanza, na Bi Rukia akamwona bintiye vizuri.

"Salha! Mvi hizo za lini?"

"Za siku nyingi, mama."

Bi Rukia akachukua kitambaa kimoja, akawa anapangusa kioo cha simu, polepole, pale penye mvi.